Hesabu ya uwezekano si ramli wala si kamari

 

Ndugu msomaji, kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, vijana wetu kutoka Sikonge, Urambo, Nzega na kwingineko hufunga mizigo yao kwenda kusomea ualimu, uuguzi, kilimo, biashara au maendeleo ya jamii. Wengi wao hushtuka wanapokuta kwamba, hata kama kila mmoja kachagua fani yake, lipo somo moja ambalo wote hawawezi kulikwepa. Somo hilo ni takwimu. Na katika wiki za mwanzo tu, mwalimu huandika ubaoni neno "uwezekano", yaani hesabu ya kupima jambo ambalo huenda likatokea na huenda lisitokee. Mada hiyo vijana wengi walikutana nayo sekondari wakaivuka kwa kukariri. Chuoni haivukiki hivyo.

Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili. La kwanza: mtu anaposema kuwa uwezekano wa mvua kunyesha kesho ni asilimia 70, si amejiingiza katika ghaibu ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake? La pili: mbona mifano ya vitabu vya somo hili ni dadu, karata na kurusha sarafu? Je, hii si elimu ya wacheza kamari? Wapo wazee na walimu wa madrasa wanaoyauliza maswali haya kwa nia njema kabisa. Wapo pia vijana wanaoyafanya kisingizio cha kukimbia hesabu. Wote wanastahiki kujibiwa.

Tuanze na jambo moja la kuzingatia. Katika Suratul Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameviweka pamoja kamari na mishale ya kupigia ramli, akatufahamisha kuwa ni uchafu katika kazi za shetani. Kuwekwa pamoja huko hakukosi hekima. Kamari na ramli ni ndugu wawili, na wote wawili wanaishi kwa kumla mtu asiyeijua kesho yake. Mpiga ramli anamuuzia uwongo kwamba kesho inajulikana. Mchezesha kamari anamuuzia matumaini ya kesho kwa bei iliyozidi thamani yake. Hesabu ya uwezekano haifanyi lolote kati ya hayo. Yenyewe inaanza kwa kukiri kwamba hatujui, kisha inauliza: hatujui kwa kiasi gani?

Mwandishi wa makala hii anakwenda mbali zaidi ya kusema kuwa hesabu hii inaruhusiwa. Muislamu asiyeijua ndiye aliye karibu zaidi kuliwa na ndugu hao wawili, na ndiye aliye karibu zaidi kuwadhulumu wenzake kwa dhana.

Ghaibu haikuguswa

Tumefundishwa katika Suratu Luqman, aya ya 34, kwamba elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye anayeteremsha mvua na anayejua yaliyomo matumboni, na kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho wala itafia ardhi gani. Hiyo ni itikadi yetu na haina mjadala.

Sasa tuitazame kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kabla ya mvua za msimu, zile zinazonyesha kati ya Novemba na Aprili katika mikoa kama Tabora, Mamlaka hutoa mwelekeo: mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, au chini ya wastani, au juu ya wastani. Haisemi kwamba Jumanne saa nane mchana itanyesha katika shamba la fulani kule Tutuo. Inachosema ni hiki: kwa jinsi tulivyopima joto la bahari na upepo, na kwa jinsi miaka iliyofanana na huu ilivyokuwa, hili lina nafasi kubwa kuliko lile. Anayesema asilimia 70 amesema kwa kinywa chake kwamba mara tatu katika kumi haitakuwa hivyo. Je, umepata kumsikia mpiga ramli akimwambia mteja kuwa katika kila wateja kumi atakosea kwa watatu? La hasha! Akisema hivyo, biashara yake itakufa siku hiyo hiyo.

Kwa maana hiyo, asilimia ile haipimi elimu ya Mwenyezi Mungu. Inapima upungufu wa elimu yetu. Kwake Yeye jambo limekwisha kukadiriwa. Kwetu sisi halijafunuliwa, na tumeamrishwa kufanya kazi katika hali hiyo ya kutofunuliwa.

Na kufanya kazi katika hali hiyo si kupungukiwa na tawakkul. Ni maarufu hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amuache huru na ategemee. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Na iliyo wazi zaidi ni kisa cha Nabii Yaakub (AS) katika Suratu Yusuf, aya ya 67. Aliwausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Papo hapo akawaambia kwamba yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya hukumu ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kwake Yeye ametegemea. Tazama, ndugu yangu, jinsi aya moja ilivyoyakusanya yote mawili. Kuitawanya hatari katika milango mingi ni hesabu. Kukiri kwamba hesabu haipindui qadar ni imani. Nabii wa Mwenyezi Mungu hakuona mgongano baina yake.

Watu wa Unyamwezi nao hawakuuona. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya kawaida ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara katika safari ya kumtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu na wakashindwa. Baada ya hapo aliizunguka hatari kwa njia ya kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, akafika Ujiji mwezi Novemba mwaka huo huo. Njia ile ilikuwa ndefu na yenye pori, lakini nafasi ya kushambuliwa ilikuwa ndogo. Hatuitaji misafara ile kwa kuisifu, kwani pamoja na pembe za ndovu ilibeba pia wanadamu waliotiwa utumwani, na hilo ni doa. Tunachosema ni kwamba uzito wa hatari ulipimwa katika ardhi hii kabla hapajakuwa na chuo hata kimoja.

Mizinga badala ya dadu

Swali la pili lina ukweli ndani yake. Hesabu hii huko Ulaya ilikulia kwenye meza za kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatishwa kabla haujamalizika, na barua hizo ndizo wengi wanazihesabu kuwa msingi wa nadharia ya uwezekano. Dadu na karata zimebaki vitabuni tangu hapo.

Lakini mbegu zake ni za zamani zaidi, na baadhi zilipandwa na Waislamu kwa malengo mengine kabisa. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Oman, katika karne ya pili ya Hijra alihesabu ni maneno mangapi yanayoweza kuundwa kwa kuzipanga herufi za Kiarabu, ili atunge kamusi. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne iliyofuata, alihesabu ni mara ngapi kila herufi hujitokeza katika maandishi ili kufumbua barua za siri. Na wanachuoni wa hadithi walizipambanua habari zilizopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wote waliafikiana kusema uwongo, na zile zilizopokewa na wachache, ambazo huleta dhana yenye nguvu lakini hazifikii yakini. Walipanga daraja za yakini na dhana kwa sababu dini yenyewe iliwalazimu.

Basi mwalimu anayeona karaha kutumia dadu hana haja nazo. Akiwa Sikonge, atumie mizinga ya nyuki. Tuseme mzee mmoja mrina asali ametundika mizinga 100 porini, na msimu ulipofika akakuta nyuki wameingia katika mizinga 60. Nafasi ya mzinga mmoja kupata nyuki ni 60 kwa 100, yaani 0.6. Nafasi ya kukosa ni 0.4. Zikijumlishwa zinatoa 1, na haiwezi kuwa zaidi wala pungufu, kwa sababu mzinga ama umepata ama umekosa.

Akitundika mizinga miwili, nafasi ya yote miwili kukosa ni 0.4 mara 0.4, yaani 0.16. Kwa hiyo nafasi ya kupata walau mmoja ni 0.84. Lakini hapa pana sharti ambalo wanafunzi wengi hulisahau na kufeli: hesabu ya kuzidisha ni sahihi ikiwa mizinga hiyo haitegemeani. Kama yote miwili iko juu ya mti mmoja, na moto wa kichaa ukapita chini yake, imekwenda yote kwa pamoja. Ndiyo ile hekima ya milango mbalimbali ya Nabii Yaakub.

Sharti hilo si la darasani tu. Tuache leo mjadala wa hukumu ya zao la tumbaku lenyewe, tuangalie mikopo yake. Wakulima hukopa pembejeo kupitia vyama vya msingi, na mara nyingi deni la aliyeshindwa huwaangukia wenzake. Utaratibu huo unaonekana salama ukidhani kwamba mmoja akikosa, tisa watapata. Lakini mvua ikikatika, au bei ikianguka, haimkuti mmoja. Inawakuta wote kumi, kama mizinga ya mti mmoja. Mkulima anayelijua hilo atauliza maswali kabla ya kutia saini. Asiyelijua atalalamika baada ya baiskeli yake kuchukuliwa.

Mkeka unaokula watu

Leo neno "mkeka" limetekwa. Zamani ukimuuliza kijana kuhusu mkeka, angekuonesha wa kuswalia au wa kulalia. Sasa atakuonesha orodha ya mechi alizobetia. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, biashara hii ina bodi yake, ina leseni na inalipa kodi. Uhalali wa serikali haujaibadilisha hukumu ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, tumewahubiria vijana uharamu wake miaka mingi na bado foleni ni ndefu. Pengine tuwaoneshe na hesabu.

Kila aliyesoma mirathi anajua kuwa mafungu ya warithi yakijumlishwa yanatarajiwa yasizidi mali yote, yaani 1. Lakini huweza kutokea yakazidi. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu, la dada wawili ni theluthi mbili. Jumla ni sita ya saba? Hapana, ni saba juu ya sita, imezidi. Zama za Sayyidna Umar (RA), baada ya kushauriana na maswahaba, suluhisho lilikuwa aul: asili ya sita ikapandishwa kuwa saba, mume akapata 3 na dada wakapata 4. Upungufu ukabebwa na wote kwa uwiano. Hakuna aliyeuweka mfukoni.

Sasa tazama upande wa kubeti. Chukua mchezo wenye matokeo mawili tu, kila moja likiwa na nafasi nusu. Haki ni kwamba aliyeweka shilingi 1,000 akishinda alipwe 2,000. Tuseme kampuni inalipa odi ya 1.90, yaani 1,900. Gawanya 1 kwa 1.90, utapata karibu 0.526. Matokeo yapo mawili, jumla yake ni 1.05 na zaidi. Imezidi 1, kama katika mirathi yetu. Tofauti ni kwamba ziada hii haibebwi na wote kwa uadilifu. Ni faida ya mwenye duka, na ameipata kabla mpira haujaanza.

Kijana atasema hiyo ni shilingi mia tu. Basi aunganishe mechi kumi za namna hiyo katika mkeka mmoja. Nafasi ya kupatia zote ni nusu mara nusu, mara kumi: mara 1 katika 1,024. Malipo ya haki yangekuwa mara 1,024 ya fedha yake. Lakini 1.90 ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa karibu 613. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 wanazoweka vijana kwa mikeka ya aina hiyo, kwa wastani zinarudi kama 599. Nyingine 401 zimekwenda. Na hizo 599 hazirudi kwa wote. Anarudishiwa mmoja, picha yake ikatundikwa, na elfu moja wengine wakaamini kuwa kesho ni zamu yao.

Hapo tunaielewa vizuri zaidi aya ya 219 ya Suratul Baqara, inayotufundisha kuwa katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, lakini madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa. Qur'an haikukataa kwamba yuko anayeshinda. Imetutaka tupime pande zote mbili. Elimu iliyozaliwa kwenye meza ya kamari inageuka kuwa shahidi dhidi yake.

Dhana na damu za watu

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu linagusa damu na heshima za watu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Hesabu ya uwezekano inatuonesha ni kwa njia gani mtu mwema, asiye na chuki, huangukia katika dhambi hiyo.

Kanda yetu hii ya magharibi, pamoja na Usukumani, imebeba aibu ya kuuawa kwa vikongwe kwa sababu ya macho mekundu. Sisi Waislamu tunaamini kuwa sihiri ipo. Lakini hata mtu akidai kwamba wachawi wote wana macho mekundu, bado hajasema chochote kuhusu bibi aliye mbele yake. Swali la haki halikuwa "katika wachawi, wangapi wana macho mekundu?" Lilikuwa "katika wenye macho mekundu, wangapi ni wachawi?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Vikongwe waliopika kwa kuni ndani ya nyumba za moshi miaka hamsini ni wengi, na karibu wote wana macho mekundu. Aliyeligeuza swali ameua asiye na hatia, huku akidhani ana ushahidi.

Msomaji asidhani kuwa ni ujinga wa kijijini. Kosa hilo hilo hufanywa na wenye suti na kompyuta. Tangu Septemba 2001, na hapa kwetu tangu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, Waislamu tumeona jinsi ndevu, kanzu au safari ya kwenda kusoma Uarabuni zinavyoweza kufanywa dalili. Tuseme kuna nchi ya watu 1,000,000, na ndani yake wamo wahalifu 100. Tuwape hao wapelelezi kipimo bora kuliko ndevu, kipimo kinachopatia mara 99 katika 100. Kitawanasa wahalifu 99. Lakini katika wale 999,900 wasio na hatia, kitamkosea mmoja katika kila 100, nao ni watu 9,999. Walionaswa ni 10,098, na wahalifu ni 99 tu, hawafiki hata mmoja katika 100. Ndiyo maana mafaqihi wakaweka kanuni kwamba adhabu ya hadi huondoshwa penye shaka.

Na tuwe waadilifu, kanuni hiyo inatuhukumu na sisi. Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu hazikuuliza tena dini ya mtu. Lakini kila upande una asilimia yake mdomoni, Waislamu ni kadhaa, Wakristo ni kadhaa. Mpishi wa pilau huonja kijiko kimoja akalijua sufuria zima, kwa sharti kwamba amekoroga kwanza. Anayeonja juu juu, palipo na nyama, asituambie habari za chini. Tukidai haki yetu, tuidai kwa namba tunazoweza kuzisimamia mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nini kifanyike?

Kwanza, wazazi na walimu wa madrasa wasiwatishe vijana kwa kuwaambia kuwa somo hili lina shubha. Wawaambie kuwa ni jembe. Pili, misikiti yenye wasomi ianzishe darasa la hesabu baada ya Alasiri, hata siku mbili kwa wiki. Kijana aliyefunzwa mirathi na sehemu zake amekwisha kufika nusu ya njia, kwani amezoea kugawa 1 bila kumdhulumu mtu. Tatu, wewe kijana unayeanza chuo, usikariri kanuni. Kwa kila swali jiulize: jumla yangu ni 1? Mambo haya yanategemeana au hayategemeani? Swali nimelisoma sawasawa au nimeligeuza?

Mwenye kuyashika hayo matatu atafaulu mtihani, insha-Allah. Kubwa zaidi, hataliwa na mpiga ramli, hataliwa na mkeka, na hatainua panga juu ya bibi wa watu kwa sababu ya macho yake.